Jasi: Jiwe la Itigi na Majina Yake

Leo nimekuja na jiwe. Mkoa wa Singida unajulikana kwa alizeti, kwa vitunguu, kwa kuku wa kienyeji na kwa asali. Wazee wa Iramba watakukumbusha pia dhahabu ya Sekenke, ambayo Wajerumani waliichimba zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lakini jiwe ninalolikusudia halipimwi kwa gramu. Linapimwa kwa tani, linapakiwa kwenye malori, na watu wengi wanaolitumia kila siku hawajui kwamba wanalitumia. Jina lake kwa Kiswahili ni jasi.

Nenda dukani kwa vifaa vya ujenzi pale Singida mjini useme unataka jasi. Huenda muuzaji akakutazama tu. Sema unataka jipsamu, naye atakuuliza haraka: bodi au poda? Ukienda wodi ya majeruhi utasikia habari za P.O.P., herufi tatu ambazo wauguzi na wagonjwa wanazitamka kama neno moja. Ukiingia darasani utamkuta mwalimu ameshika chaki. Bodi ya darini, poda ya fundi, P.O.P. ya mguu uliovunjika na chaki ya ubaoni, msingi wake ni jiwe lile lile linalochimbwa Itigi. Limevaa majina manne, na katika majina hayo manne hakuna hata moja linalomwambia mtoto wa Itigi kwamba kitu hiki kinatoka chini ya ardhi ya kwao. Hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Tuanze na mahali. Itigi ni mji wa reli ya kati, magharibi ya Manyoni, katika njia iendayo Tabora. Wanaosoma mimea wanaujua mji huo kwa sababu ya kichaka chake, msitu mfupi uliofungamana ambao vitabu vya wataalamu duniani vinauita kwa jina hilo hilo la Itigi. Wagonjwa wa mikoa ya jirani wanaujua kwa Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, inayoendeshwa na Wamisionari wa Damu Azizi. Na madereva wa malori ya mizigo wanaujua kwa jasi.

Nchi ya huko ni kavu. Mvua ina msimu mmoja, kuanzia kama Novemba au Desemba hadi Aprili, halafu jua linatawala miezi yote iliyobaki. Maji ya mvua yanapita kwenye miamba na udongo yakibeba chumvichumvi zilizoyeyuka, yanateremka mabondeni na kutuama kwenye mbuga. Jua linapoyakausha, vile vilivyoyeyuka haviendi na mvuke. Vinabaki. Kalisi inakutana na salfa, zinashikana pamoja na maji kidogo, na tabaka la jasi linaanza kujengeka. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka na utapata akiba ambayo mtu anaifikia kwa sururu na chepe. Ndiyo maana jasi inapatikana mahali palipo pakavu, au palipowahi kuwa pakavu zamani sana. Tanzania tunayo Itigi, tunayo Makanya kule Same mkoani Kilimanjaro, na tunayo Kilwa. Wenzetu wa Kenya wanayo Kajiado.

Sasa chukua kipande mkononi. Kama umewahi kupita kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo utakuwa umekiona. Kuna jasi ya ungaunga, nyeupe au ya kijivu iliyochanganyika na udongo, na kuna vipande vinavyong'aa, vyembamba, vinavyoachana tabaka kwa tabaka, unaweza ukaona mwanga ukipenya. Bonyeza ukucha, kokota. Alama inabaki. Wanajiolojia wanapima ugumu wa madini kwa ngazi ya 1 hadi 10. Almasi ya Mwadui ina 10, jasi ina 2. Ukucha wa binadamu unazidi kidogo hapo, kwa hiyo mtihani huo wa ukucha ndio wa kwanza kabisa kwa mchimbaji asiye na maabara. Jiwe jeupe linalokataa ukucha si jasi.

Siri yake kubwa, hata hivyo, iko ndani. Jiwe hili lina maji. Nasema maji kweli kweli, sehemu kama 21 kati ya kila 100 za uzito wake, yaliyofungwa ndani ya jiwe kavu ambalo ukiligusa hulowani. Lipashe moto hadi kama nyuzi 150 za Selsiasi, nao ni moto ambao tanuri la mkate linaupita, na robo tatu ya maji hayo itatoka kama mvuke. Unabaki na unga mweupe mwepesi. Uchanganye unga huo na maji, na kwa dakika chache tu utachukua tena yale maji uliyopoteza, utapata joto, utavimba kidogo sana, kisha utakuwa jiwe upya, kwa umbo lolote uliloumwagia. Mfaransa Antoine Lavoisier, ambaye baadaye alikuja kuitwa baba wa kemia ya kisasa, aliianza kazi yake ya kisayansi na jiwe hili. Mwaka 1765, akiwa kijana wa miaka 21, alisoma mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa maelezo ya kwa nini unga wa jasi unaganda. Jibu lake lilikuwa hilo hilo: jiwe linarudishiwa maji yake.

Moto ukizidi, mambo yanaharibika. Jasi iliyochomwa kupita kiasi hufa, haigandi tena hata uimwagie maji kiasi gani. Kuichoma kunahitaji jicho la mtu anayejua kazi.

Basi tuje kwenye majina, na tuanze na letu wenyewe. Neno jasi limeingia Kiswahili kutoka kwa majirani zetu wa bahari. Kiarabu kina neno jiss, au jass, kwa maana hiyo hiyo, nalo lina ukoo na gach ya Kiajemi. Wanaisimu wameufuata ukoo huo nyuma hadi Mesopotamia ya kale, ambako Waakadi waliandika gassu kwenye vigae vyao vya udongo. Maana yake huko nyuma ni ile ile: jiwe jeupe la kusilibia kuta. Watu wa ukanda ule walilihitaji neno mapema kwa sababu walikuwa wakilitumia jiwe. Wamisri walifanya udongo wa kujengea piramidi kwa jasi iliyochomwa. Ile sanamu maarufu ya kichwa cha Malkia Nefertiti ni jiwe la chokaa kwa ndani, lakini uso wake tunaoutazama umefinyangwa kwa tabaka la jasi.

Pwani yetu ilikuwa na matumizi yake, madogo lakini mazuri. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaieleza jasi kuwa jiwe laini ambalo wasukaji wa mikeka walijipaka unga wake vidoleni, ukili usiteleze kwa jasho. Napenda sana maelezo hayo. Yanatuonyesha mama au bibi ameketi barazani na chane zake za mkindu, pembeni ana kijiwe cheupe, na anakiita kwa jina bila kumuuliza mtaalamu yeyote. Neno lilikuwa la kazi ya mikono. Liliishi mdomoni mwa wanawake wa pwani kabla ya mtu yeyote kufungua kiwanda cha saruji Afrika Mashariki.

Na jipsamu je? Hapa, msikilizaji, kuna jambo ambalo huwa linanifurahisha kila nikilifikiria. Wagiriki wa kale waliliita jiwe hili gypsos. Wataalamu wengi wanaona kwamba Wagiriki hawakulibuni jina hilo. Walilichukua mashariki, katika ukoo ule ule wa gassu ya Waakadi. Kutoka kwa Wagiriki likaenda kwa Warumi likawa gypsum, likapita kwa Waitaliano likawa gesso, kwa Wahispania likawa yeso, kwa Waingereza likabaki gypsum, na Waingereza wakatuletea sisi. Waarabu nao, juu ya jiss yao, wakapokea jibs kutoka kwa Kigiriki, na mpaka leo jamaa zetu wanaoishi Muscat wakitengeneza dari wanasema jibs. Kwa hiyo jasi na jipsamu ni watoto wa babu mmoja. Mmoja alikuja kwetu kwa jahazi kutoka Ghuba, mwingine alizunguka Ugiriki, Roma na London kwanza. Anayedhani kwamba jipsamu ni kitu cha kisasa na jasi ni neno la kamusini tu, ajue kwamba anachagua kati ya ndugu wawili.

Jina la P.O.P. lina safari ya aina nyingine. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya plasta ya Paris. Chini ya jiji la Paris, hasa kwenye kilima cha Montmartre, palikuwa na machimbo makubwa ya jasi yaliyofanya kazi kwa karne nyingi. Jasi ile ilichomwa, ikasagwa, ikasiliba nyumba za Paris na nyingine ikasafirishwa nje, na wanunuzi wakaizoea kwa jina la mji ilikotoka. Machimbo ya Montmartre yalifungwa zamani, na leo kilima kimejaa nyumba na watalii, lakini jina halikufungwa. Unga wa jasi iliyochimbwa Uturuki, Misri, Uhindi au popote pale bado unaitwa wa Paris.

Jinsi lilivyofika hospitali ni habari ya vita na majeruhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alianza kusugua unga wa jasi kwenye bandeji kavu. Bandeji ililoweshwa, ikazungushwa kwenye mguu uliovunjika, na kwa dakika chache mguu ukawa ndani ya gamba gumu. Kabla ya hapo kulikuwa na njia nyingine za kukakamaza bandeji, kama wanga, lakini zilichukua muda mrefu kukauka, na majeruhi wa vita hana muda huo. Wakati wa vita vya Crimea, vya 1853 hadi 1856, daktari wa Kirusi Nikolai Pirogov aliitumia plasta ya jasi kwa majeruhi wengi, na miguu mingi ambayo ingekatwa ikapona. Aliyewahi kufungwa P.O.P. atakumbuka lile joto linaloamka kwenye ngozi mara baada ya bandeji kuzungushwa. Joto lile ni jasi inayorudishiwa maji yake, jambo lile lile alilolieleza Lavoisier.

Na wananchi hawakukaa kimya wakangoja herufi za Kiingereza. Walisema mtu amefungwa hogo. Hogo ni muhogo mkubwa, na nionavyo mimi aliyelitoa jina hilo alikuwa mtu mwenye macho: mguu ule mnene, mweupe, uliokakamaa ni muhogo uliomenywa hasa. Huo ndio uwezo wa lugha iliyo hai. Inakiona kitu, inakipa jina, na jina linaeleweka Singida, Mwanza na Mtwara siku hiyo hiyo.

Chaki nayo ina kisa chake. Neno tumelitoa kwenye Kiingereza, na huko chanzo chake ni jiwe jingine kabisa, chokaa laini lililotokana na magamba ya viumbe vidogo vya baharini, kama yale majabali meupe ya Dover kusini mwa Uingereza. Lakini chaki nyingi za ubaoni siku hizi hutengenezwa kwa unga wa jasi. Unga unakorogwa na maji, unamiminwa kwenye kalibu, unaganda, unaanikwa na kufungwa kwenye boksi. Maswa, mkoani Simiyu, vijana walianza kutengeneza chaki za namna hiyo mwaka 2016, na leo chaki za Maswa zinajulikana nchini. Kalibu, maji, unga, jua la kuanikia. Sioni kitu hata kimoja katika orodha hiyo ambacho Itigi inakikosa, na unga tayari iko nao chini ya miguu.

Kuchanganya majina haya kuna hasara ya fedha, wala si ya wanaisimu peke yao. Watu wengi wanaiita jasi chokaa, kwa kuwa vyote ni vyeupe na vyote ni vya kuta. Chokaa ya pwani, iliyojenga Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe, huchomwa kwa mawe ya matumbawe au mawe ya chokaa kwa moto mkali wa nyuzi kama 900, na ikishaganda inastahimili mvua vizazi na vizazi. Jasi inayeyuka kidogo kidogo ndani ya maji. Ndiyo maana dari ya jipsamu ni nzuri chini ya bati zima, lakini bati likivuja mara kwa mara dari inapata doa, inalegea, halafu siku moja kipande kinaanguka kitandani. Fundi anayepaka unga wa jasi ukuta wa nje, upande unaopigwa na mvua, anamtia mwenye nyumba hasara, hata kama siku ya kukabidhi kazi ukuta ulikuwa mweupe kama maziwa. Mwenye nyumba akijua kwamba jasi na chokaa ni mawe mawili tofauti, atauliza swali kabla hajatoa fedha.

Nije kwenye saruji, maana huko ndiko jasi yetu nyingi inakokwenda. Kiwanda cha saruji kinachoma mawe ya chokaa na udongo hadi kama nyuzi 1,450, kinapata vinundu vigumu viitwavyo klinka. Ukisaga klinka peke yake na kuikoroga na maji, inaweza kukakamaa ndani ya dakika chache, koleo likiwa bado mkononi. Kwa hiyo wakati wa kusaga huongezwa jasi, kiasi cha sehemu 3 hadi 5 kwa kila 100. Jasi inaichelewesha saruji, inampa fundi nafasi ya kukoroga zege, kulibeba, kulimwaga na kulisawazisha. Kila tofali la bloku unaloliona kutoka Manyoni hadi Mkalama, kila nguzo ya daraja, ndani yake mna jasi, ama ya Itigi ama ya kwingineko. Jengo lisingesimama bila hiyo, na mfuko wa saruji mara chache sana unaitaja.

Kuna pia shamba. Karanga hunyonya kalisi moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaozunguka ganda lake, na kalisi ikipungua maganda yanakuwa matupu. Jasi iliyosagwa ni chanzo kizuri cha kalisi hiyo na cha salfa, na wakulima wa karanga katika nchi nyingi wanaitumia. Pia inasaidia udongo wenye magadi kupitisha maji. Maafisa ugani wa Singida, hilo ni lenu.

Sasa nifike ninapopatilia mkazo. Jasi ghafi inatoka Itigi kwa bei ya mzigo mzito usio na jina. Mchimbaji mdogo anachimba, anaanika, anachambua udongo, analipa mrabaha, na lori linaondoka. Jasi hiyo hiyo, katika nchi yoyote, ikishachomwa, ikasagwa laini, ikatiwa kwenye mfuko wenye picha ya dari inayong'aa na neno la kigeni, inarudi dukani ikiuzwa kwa kilo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalisisitiza madini yaongezewe thamani hapa nchini, na watu tuliyasikia tukafikiria dhahabu na makinikia. Jasi haihitaji mtambo wa kuyeyusha wala kemikali ya hatari. Inahitaji tanuri la moto wa wastani, kinu, chekecheo, na mtu mwenye jicho. Ni madini ambayo kikundi cha vijana au cha akina mama kinaweza kuyafikisha hadi bidhaa ya mwisho.

Tuwatazame Oman, jamaa zetu wa zamani. Wana jasi nyingi katika jimbo la Dhofar, na katika miaka ya karibuni nchi hiyo imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa jasi duniani, kupitia bandari ya Salalah. Wao wako kando ya bahari, meli inakuja hadi karibu na jiwe. Itigi iko mbali na bandari, na nauli ya kusafirisha jiwe lenye maji ndani yake ni nzito. Moja ya tano ya kila tani ya jasi safi inayosafirishwa ni maji. Ukiichoma kwanza Itigi, sehemu kubwa ya maji hayo unayaacha Itigi, na unasafirisha unga wenye bei. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kumfanya mwekezaji ajenge tanuri karibu na stesheni.

Kwa hiyo nina maombi, nayo nayasema kwa moyo mmoja. Ndugu zangu wa SIDO na VETA mkoani Singida, wafundisheni vijana kuchoma jasi kama mnavyowafundisha kuchomelea vyuma na kukamua alizeti. Walimu wa Manyoni, Ikungi na Iramba, leteni kipande cha jasi darasani, mwache kila mtoto akikwaruze kwa ukucha, kisha mwandike ubaoni kwa chaki neno jasi. Mafundi, mkimtajia mteja jipsamu, mwongezeeni na jina la pili. Na wewe ndugu mfanyabiashara unayefikiria kufungua kiwanda kidogo, mfuko wako wa kwanza utakapotoka, usiandike juu yake plasta ya Paris. Andika Jasi ya Itigi, Singida, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara.